Safari ya Mama Haru kwenda kwa Tomi, mwenzake wa raketi

Munakuja kwangu hapa Vulamba, mu Butembo, mumoja na sukari kidogo mu karatasi, mwingine na mukungu wa ndizi. Munakaa, munasema habari ya mvua, habari ya askari, kisha munauliza ile neno mulikuja kuuliza: "Koko Masika, Mama Haru ulimuacha wapi?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Mumoja anasikia mwanzo, mwingine anasikia mwisho, kisha munaenda kubishana sokoni juu yangu. Donc, basi, nimekaa na bic ya kuandika. Nilifika mwaka wa tatu wa primaire tu, baba akanitoa niende kupalilia maharagi, basi mutavumilia mwandiko.

Mama Haru hakufa. Niandike hilo kwanza, juu kuna batu balishaanza kumuombea misa. Yuko kwao Japani. Namna alifika huko na juu ya nini, ndiyo maneno ya hii karatasi.

Mbele ya kutoka

Kwa wale bageni mu Butembo: Mama Haru ni mukunga wa maternité ya parokia, nyumba ya kuzalia. Alikuja kijana, akazeeka hapa. Kinande, luga yetu, anasema kuliko batoto ba siku hizi. Mimi nilikuwa mupishi wa ile maternité, nikipikia bazazi bugali na sombe, majani ya mihogo, na yeye siku ya kwanza alikula sombe yangu na sukari, juu alifikiri ni dawa. Tulicheka mpaka tukapendana.

Kile batu bengi hawajui, mbele ya kuwa mukunga Mama Haru alikuwa muchezaji. Si muchezaji wa ngoma, hapana. Alicheza raketi, ile mchezo banaita badminton. Kintu ya kupiga ni kidogo sawa yai la njiwa, imefungwa manyoya, yeye aliita volan. Mu kiwanja cha kuanikia kahawa cha parokia alifunga kamba katikati, akanipa raketi, akasema: "Masika, weye kaa nyuma. Mimi niko mbele." Butembo kuna upepo, munajua. Volan inaenda fasi inapenda, inaingia mu jikoni, inaingia mu sufuria. Lakini tulicheza myaka mingi, bamama babili na bikwembe bimefungwa kiunoni, na bazazi banatuangalia ku dirisha banasahau uchungu.

Yeye kwao hakucheza na mimi. Alicheza na Tomi.

Walikuwa basichana ba kiwanda cha nyuzi, mu muji wa baridi fasi theluji inafunika milango. Asubuhi banasokota nyuzi, muchana banacheza mu nyumba kubwa ya mbao, madirisha yote yamefungwa juu ya upepo. Kiwanda kilikuwa na timu, na ile timu ilikuwa na mwalimu mukali. Alibafunga kamba kiunoni, Haru na Tomi, kamba moja, wacheze hivyo. Mumoja akienda kulia, mwingine lazima afuate, ao wote wanaanguka. Haru mbele ku wavu, Tomi nyuma. Wakalala mu chumba kimoja, wakala ku meza moja. Wakashinda viwanda vyote, kisha wakashinda inchi nzima. Nilimuuliza, "Inchi nzima?" Akasema, "Masika, inchi nzima." Akasema polepole, sawa mutu anasema dhambi.

Kisha Haru akaacha. Kulikuwa mashindano makubwa ya inchi za ngambo mbele yao, kila kintu tayari, yeye akasikia padri mumoja anasimulia habari ya bamama banakufa mu kuzaa huku Afrika, akaenda kusoma ukunga. Tomi akapewa mwenzake mupya. Yule mupya hakujua fasi yake, Tomi akakimbia mbele na nyuma, goti likavunjika. Ndiyo mwisho wake. Akaenda kufundisha batoto mu shule. Hao babili hawakusemezana tena.

Sasa, mu hii vita, foni ya parokia ikasema: Tomi yuko Uganda, mu Kasese, kwa masista. Amekuja kumuona Haru. Lakini Bajapani bakubwa ba Kampala, ba ambasade, balimukataza kuvuka mupaka juu ya bunduki. Foni, kwa batoto hawajui, ni ile redio ya kusemea mbali, unasema, unafungua kidole, unasikiliza.

Mama Haru aliingia jikoni yangu na uso mweupe. "Masika, ninaenda. Nilimuacha katikati ya njia. Nataka nimuombe musamaha ku macho. Ku macho, si ku foni."

"Mais njia iko na batu ba pori, na bunduki zao," nikasema.

"Utanisindikiza?"

Mimi nilikuwa na kuku mugonjwa na mujukuu mugonjwa. Nikasema ndiyo.

Butembo mpaka Beni

Tulipanda kamio ya vitunguu, juu kabisa, na bamama ba biashara na mbuzi mumoja alikuwa anakula vitunguu na kupiga chafya. Shofere, jina lake Paluku, alikuwa mutu wa maneno. Kila kilima alisimama kusalimia mutu. Tulipita Maboya polepole sawa batu ba maandamano. Tukakula mihindi ya kuchoma, Mama Haru akakula na chumvi na pilipili, na mama mumoja mubiashara akaniuliza kwa sauti kubwa sawa Haru ni kiziwi: "Huyu muzungu anakula vile sisi?"

Haru akamujibu kwa Kinande: "Mama, nilikula mihindi huku mbele weye uzaliwe." Kamio yote ikacheka, yule mama akafunika uso na kitambaa, kisha akatupa avoka mbili.

Ku Kabasha, fasi njia inashuka kwenda ku joto ya Beni, kulikuwa bariyeri. Askari ba pale balikuwa ba rebellion, baasi, bamoja banasema Lingala. Balishusha kila mutu. Mumoja, mwembamba, macho mekundu, akafungua sakoshi ya Haru na kutoa raketi mbili. Akaziinua juu. Akaangalia nyuzi zake. Akaita mukubwa wake.

"Chef! Yaka awa! Ni antene!"

Mukubwa akakuja, akapima raketi mu mukono. "Mama, hii antene unasemaka na nani?"

"Haiko antene," Haru akasema. "Ni mchezo."

"Mchezo! Muzee sawa weye? Na hizi nyuzi? Unatumaka habari kwa Bazungu."

Mimi nikaanza kuomba Maria kimya. Balishaua batu juu ya bintu bidogo kuliko hii, nyinyi wote munajua. Haru akatoa volan mu mufuko, akarudi nyuma, akamupigia mukubwa polepole, sawa unamutupia mutoto chungwa. Raketi ingine ilikuwa mu mukono ya mukubwa, na mukono ukainuka yenyewe, akapiga. Haru akarudisha. Mukubwa akapiga tena, akakosa. Baaskari bakapiga kelele: "Chef, anakufunga! Mwanamuke muzee anakufunga!" Mukubwa akavua kofia, akaweka bunduki ku jiwe, akasema turudie. Tulikaa pale mpaka vitunguu bikaanza kunuka ku jua. Mama mubiashara alikasirika: "Weye Mujapani, muache ashinde! Nani ataninunulia vitunguu vya kuoza?"

Haru akamuacha ashinde. Nilimuona. Alitega mukono chini makusudi. Mukubwa akasema: "Tika baleka," ni kusema baache bapite. Akatusaidia kupanda. Mu njia Haru akaniambia kwa sauti ndogo: "Mu maisha yangu yote, ile ndiyo mara ya kwanza nimekubali kushindwa bure. Tomi angekasirika." Akacheka peke yake mpaka tukafika mu muji.

Beni

Beni joto. Bikwembe bilitukamata miguu. Tulilala kwa bamama ba parokia, kwa Mama Kavira, president wao, mutu mwenye mwili na sauti, na jikoni inawaka siku yote. Alitupa bugali na samaki ya Kyavinyonge ya kukausha. Njia ya Kasindi, ku mupaka wa Uganda, ilikuwa imefungwa na mapigano, balisema tungoje kidogo, itafunguliwa.

Sasa musome polepole hapa.

Asubuhi moja mwenye foni ya pale Beni, Kambale, alikuja na kofia mu mukono. Haru alikuwa anaosha sahani. Kambale akakaa, akakataa chai, akaangalia vidole vyake. Akasema: "Mama Haru, foni ya Kasese imesema. Yule mugeni wako anaumwa kidogo. Imesema ukuye. Imesema usiogope."

Mama Kavira akaacha mwiko mu sufuria.

Kwa mutu wa mbali ni lazima nieleze. Kwetu mutu akikufa, hatumutangazii ndugu yake mu njia. Atakufa naye mu njia, ao atajitupa ku kamio. Tunasema: "Anaumwa kidogo, kuya." Tunasema: "Usiogope." Anakuja, anaona bamama banakaa chini inje ya nyumba, hapo anajua. Bwana yangu alikufa Mbau, kaskazini ya Beni, alikwenda kununua mpunga. Mimi balinitumia neno: homa kidogo, usiogope. Nilikwenda na Mama Haru, yeye angali mugeni siku zile, na sakoshi yake ya dawa imejaa. Mu njia yote alikuwa anahesabu dawa ya homa. Mimi nilikuwa nimeshajua, nilinyamaza. Tulipofika akaona jeneza, akanikasirikia sana. "Balisema homa! Juu ya nini balidanganya?" Tulimufundisha. Mimi na bamama ba parokia, tulikaa naye tukamueleza: haiko uongo, ni namna ya kumubeba mutu mpaka afike. Ilimukaa. Kisha hata yeye mwenyewe, mu maternité, mutoto akikufa, alimutumia baba neno vile vile: mutoto anaumwa kidogo, kuya, usiogope.

Basi Haru akaweka sahani chini. Akapangusa mikono. Akamuangalia Kambale mu macho, Kambale akaangalia chini. Alikuwa ananyamaza juu hana neno lingine, masikini, alikuwa amesema yote foni ilisema. Lakini Haru aliona kunyamaza kwake, na mimi niliona, na Mama Kavira aliona.

"Wasingya, Kambale," Haru akasema. Asante. Kisha akakaa chini, ku udongo, akavua viatu.

"Mama Haru," nikasema, "tuulize tena ku foni?"

"Masika, weye mwenyewe ulinifundisha. Haiulizwi." Kisha akasema: "Kwetu maiti hangoji. Bataichoma, bataipeleka mu ndege. Hata nikikimbia, sitakuta kitu."

Mama Kavira alikuwa ameshatoka kuita bamama. Walikuja na kuni, na mikeka, na unga, na majani ya ndizi ya kukalia. Hakuna mutu alimujua Tomi, lakini kilio ni kilio, mutu haliliwi na mutu mumoja. Kambale naye alikuja na kiti, akakaa na babaume inje. Yeye naye akaamini, munaona? Yeye aliyesikia foni na masikio yake. Alituona tunalia, akafikiri sisi tumejua zaidi.

Mama Haru alinipa wembe. Nikamunyoa nywele zake nyeupe, zilikuwa ndefu, zikaanguka ku mukeka. Akalia. Mu myaka yote sikumuona kulia, hata siku mapacha ba Kahindo, muzazi mumoja wa maternité, balikufa. Sasa alilia kwa Kijapani, kisha kwa Kinande, kisha bila luga. Alisimulia bamama juu ya Tomi. Akasema siku ya kushinda inchi nzima, baada ya kushinda, Tomi hakupiga kelele, alikata tu ile kamba ya mazoezi na mukasi, akamupa Haru nusu. Bamama bakauliza, "Ile nusu iko wapi?" Haru akasema aliiacha mu chumba siku alipoondoka, juu ya haraka. Bamama bakalia zaidi. Mama mumoja alianzisha wimbo wa Tomi, akaimba: Tomi binti wa theluji, umetuacha na raketi. Sikujua nicheke ao nilie. Nililia.

Tukakaa hivyo. Njia ya Kasindi ikafunguliwa, makamio yakaanza kupita, na sisi tulikaa. Kwenda wapi tena? Haru alisema atamaliza kilio, kisha atarudi Butembo kuzalisha.

Beni, ya pili

Siku ingine ya foni, Kambale alirudi anakimbia. Kambale ni mutu mwenye tumbo, hakimbii. Alisimama katikati ya bamama banaimba, akafungua mudomo, akafunga. Mama Kavira akamukemea: "Weye, ondosha kofia mu kilio!"

Akaondosha. Nilimuona anatafuta neno. Tuna namna ya kumuambia mutu kama mwenzake amekufa, babu zetu balitupa. Hatuna namna ya kumuambia kama hakufa.

Mwisho akasema: "Foni ya Kasese inauliza. Inauliza juu ya nini Mama Haru hafiki. Mugeni anamuuliza kila asubuhi."

Bamama bakaacha kuimba. Kuni zikalia mu moto.

"Mugeni gani?" Mama Kavira akauliza.

"Tomi," Kambale akasema. "Anaumwa moyo. Alianza kidogo, sasa ni sana. Lakini alikuwa anaumwa kidogo kweli, Mama. Kweli kweli. Bajapani banasema vile kintu iko."

Haru alisimama. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa. Hakumulaumu Kambale, hakunilaumu mimi. Akasema: "Viatu vyangu."

Mama Kavira akaanza kukusanya mikeka na haraka, sawa mutu amekutwa na kitu ya wizi. Mama aliyeimba wimbo akatoka bila kuaga.

Mbau, fasi hatukutaka

Kamio ya kwanza tulipata, shofere alisema, "Leo tunafika Kasindi." Alisema kweli, mais hakusema anapita wapi. Ku rond-point, fasi njia zinaachana, akashika ile hatukutegemea, na mimi nikaanza kuona nyumba za njia ya Oicha. Nikapiga ku paa ya kabine.

"Shofere! Huku ni Mbau!"

"Ndiyo, mama. Napakia mpunga kwanza."

"Kasindi iko ku ingine!"

"Kasindi haikimbii, mama."

Haru alikuwa mbele karibu naye juu ya uzee. Nilisikia akimuomba. Alimuambia kuna mutu mugonjwa. Shofere akauliza, "Anaumwa sana?" Haru akasema: "Anaumwa kidogo." Shofere akamuangalia ule uso, na ile kichwa ya kunyolewa, akatoa kofia, akasema, "Pole sana, mama, Mungu amupumzishe," akaendesha polepole kwa heshima, juu maiti hana haraka. Haru akapiga kelele: "Yuko hai! Yuko hai, bwana!" Shofere akanitazama mu kioo sawa kuniuliza kama muzee amepoteza akili.

Mu Mbau mpunga haukuwa tayari. Balikuwa bangali banaukausha ku njia. Mimi nikakaa ku bega la njia, karibu na fasi bwana yangu alikufa, nikamulaumu kidogo kwa kukufia kule. Bamama ba Mbau bakaleta mihogo ya kuchemsha na muboga. Haru hakukula. Alikamata fagio ya mupunga, akaanza kugeuza mpunga ya batu ukauke upesi. Batu bakamuacha. Alifagia mpaka wakapakia.

Kasindi

Njia ya Kasindi inashuka. Unaacha misitu, unapita daraja la Semuliki, unaingia mu joto na vumbi, na milima mikubwa iko juu yako, mawingu yamefunika vichwa vyao. Askari ba Uganda balikuwa kila fasi. Tulisimamishwa, tukapitishwa, tukasimamishwa. Nitaruka hiyo.

Mu Kasindi makamio yalijipanga mpaka mbali, na badeklara, batu ba forode, bakikimbia na makaratasi, na batu ba kubadilisha makuta, ni kusema feza, banaita ku dirisha. Bariyeri ilikuwa chini. Mukubwa wa bariyeri alikuwa amekwenda kula. Tulingoja arudi kula. Aliporudi, alilala kidogo ku kiti, na hakuna mutu alisubutu kumuamsha. Haru alisimama mbele yake mu jua, hakutafuta kivuli. Nikamuletea maji, akasema atakunywa ngambo.

Mwisho mukubwa akafungua macho, akaona muzee Mujapani mwenye kichwa cha kunyolewa amesimama. Akauliza kwa Kiswahili cha askari: "Nyanya, nani alikufa?"

"Hakuna," Haru akasema. "Hakuna mutu alikufa. Nipitishe."

Akatupitisha. Tulivuka daraja la Lubiriha kwa miguu, mimi na sakoshi ku kichwa, yeye mbele. Muzee yule anaumwa goti, lakini mimi nilishindwa kumufikia.

Kasese

Ngambo tulipanda gari mpaka Kasese. Hospitali ya masista ni kidogo, nyumba ndefu na bati jekundu, na bustani ya kabichi. Ku mulango alisimama mwanamuke Mujapani wa umri wa kati, Aki, binti wa ndugu ya Tomi, alimusindikiza toka kwao. Alimuangalia Haru. Alikuwa anamujua ku picha tu, hakumutambua, juu nywele hazikuwa tena. Kisha akamujua. Akainama sana, sawa banavyosalimia, na hakuinuka upesi. Mimi sijui Kijapani. Nilisoma mugongo wake.

Tomi alikufa siku ile ile. Tulikuwa mu Kasindi tunangoja askari amalize kulala.

Balisemezana ku mulango. Haru baadaye aliniambia yote. Aki alimuuliza, si kwa ukali, aliuliza tu: "Tulituma neno mapema. Anaumwa kidogo, tulisema. Alikuwa anatembea bado. Alikuwa anatoka ku njia kuangalia magari. Juu ya nini haukukuja?"

Haru akasema: "Nilifikiri amekufa."

"Lakini tulisema anaumwa kidogo."

"Ndiyo. Mulisema vile."

Aki hakuelewa. Angeelewa namna gani? Haru alimuuliza kama Tomi aliacha neno kwake. Aki akafikiri sana, ile ya mutu anataka kutoa zawadi na hana. Akasema: "Hakuacha neno. Alisema tu, atakuja. Kila siku, atakuja. Na jana pia."

Tukaingia. Tomi alikuwa amelazwa, shuka mpaka ku kidevu. Mutu mudogo. Mimi nilifikiri ni mutu murefu, juu anapiga toka nyuma. Mukono wa kuume ulikuwa munene kuliko wa kushoto, bado, na uzee wote ule. Haru akaushika. Akakaa ku kiti. Akafungua mudomo kumuomba ule musamaha alibeba toka Butembo, akausema, naamini aliusema, sauti ndogo. Kisha akangoja machozi. Niliona anayangoja. Alipiga hata kifua kidogo na ngumi, sawa mutu anaamsha mutoto hajavuta pumuzi.

Hayakukuja.

Aligeuka kwangu. "Masika," akasema kwa Kinande, "nililia yote Beni. Hakuna tena. Nimemulilia mzima, sasa amekufa sina kitu ya kumupa." Akanikamata kikwembe. "Lia weye."

Haru ataondoka na Aki kesho yake, hiyo munajua sasa. Aki alisema mutu mumoja hawezi kubeba jivu la shangazi mpaka kwenye theluji peke yake, na Haru akasema atalibeba yeye, na hakuniambia kama atarudi, na mimi sikumuuliza. Nilirudi na raketi zote mbili mu kamio ya saruji. Lakini hiyo ni ya kesho. Ile siku nilikaa chini, ku saruji ya hospitali, nikavua viatu, nikamulilia mutu nilimuona dakika ile tu. Nililia vile tunalia kwetu, kwa sauti, na mikono ku kichwa. Nesi akakuja kuninyamazisha. Sikunyamaza. Pande zile ni Bakonzo, luga yao na Kinande ni tumbo moja, na bamama balikuwa inje kulinda bagonjwa wao bakasikia maneno yangu, bakaelewa. Bakaacha sufuria zao. Bakaingia, bakakaa na mimi chini, mumoja akanishika mabega, akaniuliza, "Mama, huyu ni nani wako?"

Nikamuambia: ni mugeni wetu. Alikuwa anatungojea, na sisi tulikuwa tunamulilia.